Mhariri, ukuta ule hauhitaji plasta

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnapenda barua fupi lakini hii naomba msiikate sana maana ni mambo ya uhai wa watu na naandika nikiwa na uchungu kweli.

Kwenye ukurasa wenu wa ujenzi mliweka picha aliyowatumia msomaji mmoja, ya ukuta wa matofali wa kuzuia udongo, umeinama kwa mbele, una ufa umelala karibu urefu wake wote, afu chini ya picha mkaweka ushauri kwamba mwenye nyumba auchokoe ule ufa, ajaze simenti, apige plasta mpya na rangi, basi kazi imekwisha. Mhariri, kazi haijaisha hapo, haijaanza hata. Ule ukuta unasukumwa, na kinachousukuma kiko nyuma yake ambako picha haionyeshi, sasa ukipiga plasta kwa mbele unakuwa umemfichia mwenye nyumba ile dalili pekee aliyokuwa nayo.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta mwenyewe. Nyuma ya nyumba yangu kuna ukuta wa aina hiyo hiyo, ulikuwa unaenda juu mita 1.6 na urefu wake mita 14, matofali ya kuchoma, nimeukuta umeshajengwa. Ulipoanza kupasuka nikamwita fundi, simtaji jina na sina kinyongo nae, akafanya kile kile mlichoshauri nyie, akachokoa, akajaza, akapiga plasta safi kabisa na mimi nikafurahi. Msimu wa kwanza wa mvua ukapita salama, wa pili ufa ukarudi pale pale na safari hii ukuta ukatoa tumbo, yani ukisimama pembeni ukafumba jicho moja ukauangalia kwa urefu wake unaona kabisa katikati pamevimba kuja mbele. Na chini ya ukuta huo ndio watoto walikuwa wanakaa kucheza mchana sababu kuna kivuli. Mpaka leo nikikumbuka hilo naishiwa nguvu.

Nikampata mama mmoja injinia wa majengo, akaja na timazi (ule uzi wenye kipande kizito cha kupimia kama ukuta umesimama wima), tepu ya kupimia na penseli, basi. Cha kwanza alichofanya hata hakuugusa ukuta, alizunguka akapanda kule juu, akasimama kwenye udongo kwa nyuma, akaangalia chini, akaangalia paa, akaniuliza, "Mzee, haya maji ya paa yanaishia wapi?" Nikamuonyesha bomba la gata, linamwaga pale pale nyuma ya ukuta, hatua mbili tu. Akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakipita kila siku, ufa kwenye ardhi yenyewe, mwembamba, umeenda sambamba na ukuta kama mita moja kwa nyuma, akasema huo udongo umeshaanza safari. Na juu yake mimi nilikuwa nimepanga matofali ya akiba na lundo la mchanga. Nilifikiri nimepata sehemu nzuri ya kuhifadhi.

Sasa naomba nieleze kilichokuwa kinatokea, maana nikikielewa mimi ambaye sio fundi kila mtu anaweza kukielewa. Maji mita moja ya ujazo ni kilo 1,000. Udongo mkavu unajishikilia wenyewe kwa kiasi, chembe zinasuguana, kwa hiyo hausukumi ukuta kwa uzito wake wote, udongo wa kichanga wa kawaida unasukuma kama theluthi tu. Maji hayana huo msuguano, yanasukuma kwa uzito wote, na kadri unavyoshuka chini presha inaongezeka. Mama injinia alinipigia hesabu kwa penseli pale pale juu ya tofali: kwa ukuta wa mita 1.6 udongo mkavu unasukuma kama kilo 770 kwenye kila mita moja ya urefu wa ukuta, lakini maji yakijaa nyuma mpaka juu inafika kama kilo 1,660, zaidi ya mara mbili. Zidisha kwa mita 14, ni tani 23 zinasukuma ukuta wa tofali moja ambao unene wake ni sm 22. Sio hesabu mpya hizi, injinia wa jeshi la Ufaransa anaitwa Coulomb alizichapisha mwaka 1776 na Rankine wa Scotland akazirahisisha 1857, zinafundishwa mpaka leo.

Na hapo ndipo nilipopata jibu la swali ambalo lilikuwa linanisumbua, kwamba kama ukuta ulikuwa dhaifu hivyo mbona umekaa miaka yote hiyo? Ulikaa sababu udongo wenyewe ulikuwa unajishikilia. Udongo wa mfinyanzi ukiwa mkavu unasimama wima bila msaada, umeona shimo la choo linavyochimbwa likakaa, ukuta unakuwa kama pazia tu. Siku udongo unaloa ndio kwa mara ya kwanza ukuta unaambiwa ubebe, na haukujengwa kubeba. Ndio maana watu wanasema "ulikuwa mzima miaka 20 ukaanguka usiku mmoja".

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kimo. Ukuta ukiwa na kimo mara mbili, msukumo unakuwa mara nne na nguvu ya kuupindua mara nane. Ukiongeza kozi (mistari ya matofali) chache tu juu, tuseme sm 40 kwenye ukuta wa mita 1.6, afu ukajaza udongo mpaka juu ili upate uwanja mpana, nguvu ya kuupindua imekaribia mara mbili na msingi ni ule ule wa zamani. Watu wanafanya hivyo sana na wanaona ni kitu kidogo.

Tuje kwenye kuupima ukuta mgonjwa, hapa naomba wasomaji wenye kuta kama hizi wasome taratibu. Ufa una maana kulingana na ulivyokaa. Ukiwa umelala, hasa sehemu ya chini ya ukuta, maana yake ukuta unapindwa na mzigo wa nyuma, huo ndio mbaya kuliko yote na ndio ulioko kwenye picha yenu. Ukiwa wa ngazi, yani unafuata maungio unapanda kama ngazi, mara nyingi msingi umetitia upande mmoja. Ukiwa wima na ukuta umenyooka, mara nyingi ukuta umejengwa mrefu bila kuachiwa nafasi ya kutanuka, maana tofali la kuchoma linakua kidogo kidogo miaka mingi baada ya kutoka tanuruni kwa kunyonya unyevu wa hewa, wakati la simenti linasinyaa. Nyufa za wima peke yake hazinitishi sana. Za kulala zinanitisha.

Afu kuna kuinama, kutoa tumbo na kuteleza, hivi ni vitu vitatu tofauti. Ninginiza timazi kutoka juu ya ukuta, pima nafasi kati ya uzi na tofali kila sm 30 kushuka chini, andika na tarehe. Nafasi ikibadilika kwa mpangilio kutoka juu mpaka chini ukuta umeinama wote pamoja na msingi wake, ikiwa katikati ndio inabana uzi basi ni tumbo, na kama ukuta umenyooka kwa timazi lakini ardhi ya mbele imejikunja imepanda kama mkeka uliosukumwa, ukuta unateleza. (Ukikuta umelalia kwa nyuma, kuelekea kwenye udongo, usiogope, mafundi wazuri wa zamani walikuwa wanaujenga hivyo makusudi.) Rudia vipimo kila mwezi na kila baada ya mvua kubwa. Kwenye ufa bandika kipande chembamba cha kioo, pande zote mbili kishike vizuri, kikivunjika ukuta unatembea. Cha kwangu kilivunjika siku ya tisa. Weka pia alama ya penseli pale ufa unapoishia na tarehe pembeni, haihitaji elimu yoyote.

Angalia pia unga mweupe kwenye matofali. Ile ni chumvi, maji yanapita ndani ya tofali kutoka nyuma yanakauka mbele yanaiacha. Kama tofali linamenyeka uso kama maganda ni maji hayo hayo. Angalia mizizi, angalia kama kuna mtu amechimba mtaro mbele ya ukuta karibu na msingi, maana ule udongo wa mbele chini nao unaukinga ukuta usiteleze, ukiutoa umeupunguzia ukuta breki.

Na vitobo vya kutolea maji. Mhariri hapa ndipo roho iliponiuma kabisa. Ukuta wangu ulikuwa na vitobo, mjenzi wa kwanza alikumbuka kuviacha, vilikuwa saba. Ile plasta niliyoilipia ndio iliyoviziba vyote saba. Mama injinia aligonga gonga na nyundo ndogo, akasikia mlio tofauti, akatoboa kimoja na maji yakaruka mbali kama bomba limepasuka, na mvua ilikuwa na siku nne haijanyesha. Mimi nilikuwa nimejenga tanki la maji nyuma ya ukuta bila kujua, na ndio maana nimewaandikia, kwa sababu ushauri wenu utaviziba na vitobo vya yule mwenye ukuta wa kwenye picha kama anavyo.

Tukachimba shimo dogo kwa nyuma tuone kuna nini. Hakukuwa na kokoto hata moja, ni mfinyanzi na vifusi vimesukumiwa kugusa tofali. Shimo hilo la majaribio naona ni lazima kwa kila ukuta, lifanywe na mtu anayejua kwanza mabomba na nyaya zimepita wapi.

Sasa sio kila ukuta wenye ufa unavunjwa. Ukipima ukakuta umenyooka, kioo hakijavunjika msimu mzima wa mvua, ufa ni kama unywele, basi toa mzigo wa juu, hamisha maji ya paa, zibua vitobo, unaweza ukaishi nao miaka mingi tu. Lakini ukishatoa tumbo haurudi, ndio maana wangu ilibidi tuuvunje. Kuna wanaojaribu kuurudisha kwa kuusukuma na jeki, tofali zimeshaachana na maungio ndani, unachokipata ni ukuta ulionyooka ambao hauna nguvu. Nguzo za kuegemeza kwa mbele zinasaidia kama zina msingi wake mzuri na zimefungwa kwenye ukuta, zile zinazoegeshwa tu juu ya ardhi ni mapambo.

Kabla ya kuvunja, weka uzio huku chini, mtu asisogee karibu kuliko kimo cha ukuta na zaidi kidogo, toa vyote vilivyowekwa juu, funika udongo kwa turubai, peleka maji ya paa kwingine hata kwa bomba la muda. Egemeza na mirunda kama injinia ataelekeza. Usichimbe chochote mbele. Subiri kiangazi kama ukuta unakuruhusu kusubiri.

Kuvunja wenyewe ndio sehemu inayoua. Watu wanaanzia chini, wanachomoa tofali la chini ili ukuta "ujiangushe", jamani msifanye hivyo. Unaanza na udongo wa nyuma, unaukata kwa mteremko kurudi nyuma sio kuuacha wima, afu ndio unashusha matofali kutoka juu kozi kwa kozi, na unafanya kipande cha mita 2 au 3, unamaliza, unahamia kingine, sio mita 14 zote kwa siku moja. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu mpaka mbili. Mtu akifukiwa mpaka kifuani tu, kichwa kiko nje kabisa, anaweza kufa kwa kukosa kupumua kwa sababu kifua hakitanuki. Asisimame mtu kati ya ukuta na udongo uliokatwa wima, hata dakika moja ya kuokota sururu.

Kwenye kujenga upya mimi mwanzoni nilitaka kuweka matofali yale yale na simenti nzito zaidi. Mama injinia akanikatalia. Alisema kilichouharibu ukuta ule sio simenti, nikiurudisha ulivyokuwa utaharibika vile vile. Ushauri wake ni kwamba ukuta ukipita mita moja hivi uwe na hesabu ya injinia, sio ya macho, na huu wangu alinichorea. Msingi wa zege wenye nondo, upana wake kwa ukuta wa mita 1.6 ni karibu mita moja, na sehemu kubwa ya huo upana inaenda nyuma, chini ya udongo, ili udongo wenyewe ukae juu ya kisigino cha msingi uushikilie ukuta usipinduke. Uzito ule ule uliokuwa unaniangushia ukuta sasa unaukandamiza.

Nondo za wima zinatoka kwenye msingi zimekunjwa kwa umbo la L, afu unajenga ngozi mbili za matofali, ya mbele na ya nyuma, katikati nondo na zege. Na nondo zikae upande wa nyuma, upande wa udongo. Hii nairudia sababu fundi wangu wa pili, kijana mzuri tu mchapakazi, alitaka kuziweka upande wa mbele, akasema mbele ndiko ukuta unakoinamia. Ukuta unapopindwa kuja mbele uso wa nyuma ndio unaovutika na wa mbele unabanwa, na zege linavumilia kubanwa lakini kuvutwa haliwezi, chuma ndio kinaweza. Ukiziweka mbele umenunua chuma ukakizika bure. Tukaacha pia jointi moja ya kutanukia katikati ya zile mita 14.

Matofali ya zamani tulirudishia yale magumu tu, ukiyagonga yanalia kama chuma, yale yanayotoa mlio wa kufa tuliyaacha, kwenye ukuta wa kuzuia udongo tofali linalonyonya maji halifai.

Nyuma ya ukuta tukapaka lami, afu bomba la matundu la milimita 100 chini kabisa likiwa na mteremko wa sm 1 kwa kila mita, limezungukwa na kokoto safi, na kokoto zikapanda upana wa sm 30 karibu mpaka juu, zimetenganishwa na udongo kwa kitambaa cha kuchujia ili matope yasije yakaziba. Juu kabisa udongo mzito wa kufunika, umeshindiliwa, unateremkia pembeni ili maji ya mvua yasizame pale. Vitobo vya milimita 75 kila mita moja na nusu, juu kidogo ya ardhi ya mbele. Maji ya paa yana bomba lake zima lisilo na tundu, msiyaunganishe na lile la matundu, mtakuwa mnayaleta maji kule kule mlikotoka kuyaondoa.

Halafu ikaja shida ya watu kutaka kuharakisha. Zege linamwagiliwa siku 7 angalau, na nguvu zake zinazohesabiwa ni za siku 28. Wengi wanajaza udongo siku ya tatu kwa sababu mafundi wanataka kuondoka, na ukuta unapata ufa wake wa kwanza kabla haujamaliza mwezi. Sisi tulingoja, watu wakaniona mzembe, udongo umelundikwa wiki nne. Tukajaza kwa tabaka za sm 20, kila tabaka linashindiliwa kwa mkono au kompakta ndogo, hakuna gari wala mtambo mzito kusogea karibu na ukuta.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja nilitoka na tochi usiku kuangalia. Bomba la chini lilikuwa linatoa maji mazito kama ya chai, baadae yakawa masafi, na mvua ilipokatika liliendelea kutiririka siku mbili nzima. Hayo maji yote zamani yalikuwa yanabaki nyuma ya ukuta.

Mhariri, naomba mrudie ile habari mkiwa na mtu wa fani pembeni, na safari hii mpigapicha apande juu apige na nyuma ya ukuta, ardhi na paa vionekane. Na yule msomaji aliyewatumia picha mnayo namba yake, naomba mpigieni leo, msisubiri toleo lijalo, mwambieni aache plasta, atoe watu na mifugo chini ya ule ukuta kwanza, afu aangalie maji ya paa lake yanaishia wapi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.